Jina Langu Msonobari

Jumatatu, 11 Machi

Daftari hili ni la vipimo vya milango. Kurasa za mbele zina urefu, upana na unene, na nimeziheshimu. Leo nimeligeuza juu chini nikaanza kwa nyuma, kwa sababu nikikaa na haya niliyoyasikia bila kuyaandika nitamrushia mtu nyundo, na mtu mwenyewe ni kaka yangu.

Tumepata kazi ya shule. Milango ishirini na minne, ya madarasa na ofisi, ya msonobari yote. Mwalimu mkuu ametaka mti mwepesi ili hata mtoto wa darasa la kwanza aweze kuusukuma. Kaka alifurahi mpaka akaagiza chai, yeye, mimi na baba. Kisha akatoa karatasi mfukoni, mchoro wa ubao mpya wa kutundika juu ya mlango wetu: KARAKANA YA MNINGA NA MVULE.

Niliisoma mara mbili. Niliigeuza nione kama mimi niko upande wa pili.

"Na mimi?"

"Wewe si upo? Unafanya kazi hapa."

"Kwenye ubao, kaka."

"Mdogo wangu, hii ni biashara. Mtu akisoma Msonobari pale juu atajua humu tunapigilia maboksi."

Mvule ni dada yetu. Anashona matakia nyumbani kwake, mtaa wa pili, na tangu azaliwe hajashika msumeno. Mimi nimesimama kwenye benchi la kurandia miaka kumi na minane. Kazi ya msonobari wanaitaka, jina la msonobari hawalitaki.

Nikamwambia jina langu litaingia kwenye ubao ule, au nitatoka humu na benchi langu. Akacheka, akanipigapiga begani. Chai yake nikaimwaga nje.

Jumatano, 13 Machi

Siku nikifa, atakayeokota daftari hili asije akadhani nimelewa. Kwa hiyo naeleza.

Nyumbani kwetu mtoto hakupewa jina la bibi wala la shangazi. Baba ni seremala. Mama akijifungua, baba akija kumwona, mama alikuwa na swali moja tu: "Kuna nini benchi?" Mti uliokuwa benchi siku ile ndio uliokuwa jina. Yapo mengine ya kwenye vyeti, lakini hakuna anayeyatumia, hata sisi wenyewe.

Alipozaliwa kaka ilikuwa mninga, mti mzito mwekundu, wa vitanda vya watu wenye nafasi. Alipozaliwa dada ilikuwa mvule, ambao mchwa huupita pembeni. Nilipozaliwa mimi, msonobari. Unakua haraka, unanukia vizuri, na ukimaliza kunukia watu wanautia nyanya na kuupakia kwenye lori.

Kaka akianguka kwenye mchezo watu walisema mninga hauvunjiki. Nikianguka mimi walisema mmeona. Shuleni niliitwa Boksi, niliitwa Kiberiti. Mama alinikataza kulia. Alikuwa akiniambia jina langu ni zuri kuliko ya wenzangu, nami nikidhani ananibembeleza tu.

Mtaa mzima uliambukizwa. Jirani yetu ni Mwarobaini, mchungu kupita kiasi, lakini ukiugua ndiye wa kwanza kubisha hodi. Fundi bomba ni Mpapai, kwa kuwa mpapai una ndani tupu, unaota upesi, na popote ulipopita hukosi kukuta miche. Yeye analipenda jina lake. Ana watoto tisa wa mama wanne na anasema baba yetu, aliyempa, alimjulia.

Jumatatu, 18 Machi

Mvua imeanza. Karakana inavuja pale pale ilipovuja mwaka jana.

Ijumaa, 22 Machi

Tumegawana milango, kumi na miwili ya kaka, kumi na miwili yangu. Yeye anatumia misumari, anakwenda mbio. Mimi natoboa na kupigilia vijiti vya mti mgumu, ndivyo baba alivyonifundisha, na navikata vikawa sawa na uso wa ubao mpaka mkono usivisikie. Kaka anasema nasuka nywele, sitengenezi mlango.

Mbao alizonunua hazijakauka. Nilimwambia. Akasema jua litatoka.

Jumanne, 26 Machi

Jua halijatoka.

Jumatano, 3 Aprili

Siku mbili nilikuwa kliniki na baba. Kifua. Tumekaa kwenye benchi la bati pamoja na wakohoaji wengine, tukisubiri kuitwa. Baba ana miaka themanini kasoro miwili, mikono inamtetemeka, lakini bado aliinama kukagua miguu ya benchi na kuniambia aliyeiunga ni mwizi. Tumepewa dawa, tumerudi.

Milango yangu kumi na miwili niliiacha imesimama ukutani, imeisha, imebaki kugongwa chapa tu. Sisi kila mmoja ana chapa yake ya chuma yenye jina lake, baba alitutengenezea kwa mhunzi mmoja zamani. Unaipasha kwenye makaa, unaigandamiza kwenye ukingo wa juu wa kazi yako, moshi unapanda, basi, kazi ina mwenyewe. Chapa ya dada haijawahi kuona moto. Yangu nimeipasha mara nyingi mpaka mpini umebadilika rangi.

Nilipoingia karakana nilisikia harufu ya kuungua kabla sijaona kitu. Nikachukua ngazi. Mlango wa kwanza, MNINGA. Wa pili, MNINGA. Nikaendelea mpaka wa kumi na mbili wangu, na yote ilikuwa imeandikwa MNINGA.

"Umefanya nini?"

"Nimetusaidia. Karakana moja, ubao mmoja, chapa moja. Mteja asichanganyikiwe."

"Hii mikono ni yangu, kaka. Hivi vijiti ni vyangu. Wewe hata kuvichonga huwezi."

"Sauti, baba anaumwa."

"Baba anaumwa kifua, haumwi masikio. Chapa yangu iko wapi?"

Alikuwa ameifungia kwenye droo ya meza yake, na ufunguo uko shingoni kama yuko jeshini. Nilimwita mwizi. Aliniambia nisimvunjie heshima, yeye ni mkubwa. Nikamwambia ukubwa wake naujua, uliandikwa mara kumi na mbili kwenye jasho langu. Baba alikuwa amekaa dirishani na blanketi lake. Alitusikia wote wawili na hakusema neno. Hilo nalo limeniuma, tena sana, na naliandika hapa ili nisije nikalisahau nikilainika.

Alhamisi, 4 Aprili

Mvua. Kaka hasemi. Nami sisemi.

Ijumaa, 5 Aprili

Vilevile.

Jumamosi, 13 Aprili

Tumefunga milango yote shuleni. Mwalimu mkuu, mwanamke mfupi mwenye miwani mbili, moja machoni na nyingine kichwani, aliufungua na kuufunga kila mlango mara tatu kama anayenunua. Aliridhika. Alimshukuru kaka. Mimi nilikuwa chini ninakusanya misumari.

Dada alikuja jioni kumletea baba uji. Nilimuuliza kama anajua jina lake liko kwenye ubao. Hakujua. Akacheka, akasema, "Mimi? Mimi nimetengeneza nini?" Nilitaka akasirike. Alicheka tu na kwenda zake. Dada yangu ndivyo alivyo, akimaliza kushona takia moja anaona dunia iko sawa.

Jumatano, 17 Aprili

Mvua ya mawe. Barabara ya shule imekatika. Baba kapata nafuu.

Jumatatu, 22 Aprili

Milango tisa imegoma.

Mwalimu mkuu alipiga simu saa mbili asubuhi. Darasa la tatu wametokea dirishani, mmoja baada ya mwingine, na inasemekana wamefurahi sana na hawataki mlango urekebishwe. Nilikuwa nyuma ya rundo la mbao, kaka hakuniona. Nilimsikia kwa masikio yangu akisema, "Samahani sana, mwalimu. Hiyo ni mikono ya mdogo wangu, bado anajifunza."

Miaka kumi na minane bado najifunza. Milango ikiwa mizima ni ya Mninga, ikivimba ni ya mdogo wake.

Sikumrukia. Nilichukua randa, patasi na kikopo cha vanishi, nikatembea kwenye tope mpaka shuleni. Nikaitoa ile tisa kwenye bawaba, nikaikagua mmoja mmoja. Mitano ina misumari, ni ya kaka, mbao zimevimba toka ndani kwa kuwa zilikuwa mbichi. Minne ina vijiti. Minne ni yangu.

Nilikaa chini kwenye sakafu ya darasa la tatu nikaitazama. Nilikuwa nimepaka vanishi mbele, nyuma, ubavuni na juu. Chini sikupaka. Siku ile nilikuwa na haraka ya kumpeleka baba kliniki, nikajiambia chini hakuna anayeona. Maji huwa yanaona. Yamepandia humo humo.

Mwalimu mkuu alinikuta nimekaa. "Fundi, mbona umenyamaza?"

"Mwalimu, minne hii nimeiharibu mimi. Sikupaka chini."

Akahamisha miwani toka kichwani. "Na hii mitano?"

"Hiyo umuulize aliyeitengeneza."

"Lakini yote ina jina moja. Nimepanda kiti nikaona."

"Hilo ndilo kosa kubwa kuliko la maji, mwalimu."

Nikamwambia yote, toka benchi la baba mpaka droo ya kaka. Sikupanga kumwambia, yalitoka yenyewe. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniongoza ofisini, akatoa kamusi nene iliyokatika mgongo, akatafuta jina langu kwa kidole. Mti mrefu wenye majani membamba kama sindano, asili yake Kiarabu. Tukasoma pamoja. Kamusi nzima hakuna mahali iliponitukana.

"Nataka makabati ya maktaba," akasema. "Nitampa yule ambaye kazi ikiharibika najua nani wa kumwita. Jina la mtengenezaji liwe mbele, si juu kwenye vumbi."

Jumanne, 23 Aprili

Nimevunja droo ya kaka. Kitasa chake nilikifunga mimi, kwa hiyo nilijua pa kukigonga. Nimechukua chapa yangu na jiko dogo la mkaa, nikarudi shuleni. Nimeranda ile minne, nimeipaka chini mara tatu, nimeirudisha. Halafu nikapasha chuma nikagonga MSONOBARI juu ya kitasa, usawa wa macho ya mtu mzima. Ile minane yangu iliyobaki nikaimalizia mchana.

"Umeanza na mibovu?" mwalimu mkuu akauliza.

"Hiyo ndiyo iliyokuwa inadaiwa jina."

Jumatano, 24 Aprili

Kaka ameiona droo. Ameweka kitasa kipya. Ameranda ubao mmoja tangu asubuhi mpaka umebaki kama karatasi.

Jumapili, 28 Aprili

Leo nitaandika mpaka mkono ukatae.

Mwalimu mkuu amempigia kaka kuhusu makabati na jina. Kwa hiyo kaka alikuja nyumbani kwa baba ninapoishi, amevaa shati la pasi, na karatasi mpya mkononi. Dada alikuwepo, anamkata baba kucha. Kaka akaikunjua karatasi mezani. KARAKANA YA MNINGA NA MVULE, na chini yake, kwa herufi ndogo za kutafutia miwani, NA NDUGU.

"Nimekuingiza," akasema.

"Ndugu ndiye nani?"

"Ni wewe."

"Mimi nina jina."

"Jamani, mbona unakuwa mgumu hivi? Nani alikuambia jina lile ni la kujivunia? Baba mwenyewe alijua anampa nani mti gani. Kila mtu na mti wake. Mimi nimekosea nini nikizaliwa siku ya mninga?"

Nikafungua mdomo nimjibu, na nilikuwa na jibu zuri sana. Baba akawahi.

"Hukuzaliwa siku ya mninga," akasema.

Dada akasimamisha mkasi.

"Siku uliyozaliwa wewe nilikuwa natengeneza maboksi ya nyanya. Ya msonobari. Siku aliyozaliwa dada yako, maboksi ya nyanya. Miaka kumi na moja sikuwahi kugusa mti mwingine. Mninga nilikuwa nauona kwenye karakana za watu nikipita, nasimama, wananifukuza. Mama yako akaniuliza kuna nini benchi. Nilikuwa kijana, mtoto wangu wa kwanza, wamekaa pale mama mkwe na mashemeji. Niliona haya. Nikasema mninga."

Baba akaendelea, anazitazama kucha zake zilizokatwa nusu.

"La mvule lilikuwa jepesi zaidi. Ukishasema moja, la pili linajisemea. Nilipoingia mara ya tatu, mama yenu hakuniuliza. Alinishika mkono, akapangusa maranda kwenye kidole changu, akayanusa. Akasema, 'Mume wangu, huyu mwambie kweli.' Nikasema msonobari."

Najua kilichotarajiwa. Ningepiga magoti nimshike mkono, nishukuru kwamba mimi peke yangu ndiye niliyepewa jina la kweli. Labda mtu mwema kuliko mimi angefanya hivyo. Mimi niliona hasira ikinipanda toka miguuni.

"Miaka thelathini na sita, baba. Wao wamesifiwa kwa uongo wako, mimi nimechekwa kwa ukweli wako. Wewe ulikaa dirishani pale ukisikiliza. Juzi pia ulikaa."

"Naam," akasema.

"Hukuweza kusema hata siku moja?"

"Ningesema, kaka yako angebaki na nini? Alikuwa ameshalishikilia jina. Wewe nilikuona huhitaji kushikiliwa. Nilikosea. Mtoto huhitaji hata akiwa hahitaji."

Nililia, na sikuficha. Dada naye alilia, kisha akaanza kucheka katikati ya machozi, akasema, "Kwa hiyo sote watatu ni maboksi! Na mimi miaka yote namwambia mume wangu mchwa hawanigusi." Baba naye akacheka mpaka akakohoa.

Kaka hakucheka. Nilimtazama. Uso wake ulikuwa umelegea kama wa mtu aliyeamshwa ghafla kwenye kiti. Sijawahi kumwona hivyo. Mara moja nilielewa kwamba yule mtu hakuwahi hata siku moja kuishi kwa raha ndani ya jina lile. Kila alipoingia mahali ilibidi awe mninga, asipinde, asichubuke, asinunue mbao mbichi akakiri. Nilimwonea huruma kweli. Nikikumbuka droo, huruma inapungua.

Akakunja karatasi yake mara nne. "Mzee amechoka," akasema. "Anachanganya mambo." Akatoka bila kuaga.

Jumatatu, 29 Aprili

Ubao umetundikwa. MNINGA NA MVULE. Hata NDUGU ameondolewa.

Nilisema nitatoka na benchi langu, nimetoka. Saa nne asubuhi, mtaa umejaa watu, si kwa kujificha. Benchi ni zito, limenyonya gundi ya miaka yote ile. Mpapai alileta mkokoteni wake wa mabomba, Mwarobaini akashika upande mmoja huku akitutukana kwamba hatujui kubeba. Kaka alisimama mlangoni.

"Unakwenda wapi na mvua hii?"

"Nakwenda kufanya kazi, kaka."

"Utarudi."

"Nikirudi nitaona jina langu kabla sijaona mlango."

Nimeweka benchi kwenye baraza ya dada. Inavuja pia, lakini upande mwingine, angalau ni mabadiliko.

Jumatano, 1 Mei

Kabati la kwanza la maktaba nimelianza. Mbao nimezichagua mwenyewe, zimekauka, nimezigonga moja moja nikazisikiliza.

Ijumaa, 3 Mei

Baba amehamia barazani. Amekuja na kiti chake na blanketi, hakuomba ruhusa. Sijamsamehe yote. Nimempa vijiti achonge. Mkono unatetemeka, lakini kijiti kikiisha kiko sawasawa, sijui anafanyaje.

Nilimuuliza, "Kuna nini benchi, baba?"

"Msonobari," akasema. Akarudia tena kwa sauti kubwa, na mwanamke aliyekuwa anapita na ndoo akageuka kutazama.

Jumanne, 7 Mei

Mvua. Kabati la pili.

Jumamosi, 11 Mei

Nimemkosea dada yangu maisha yangu yote. Naandika hivyo na sifuti.

Asubuhi alikunywa chai yake taratibu, akaosha kikombe, akaniomba kipande cha msasa. Nikadhani ni cha mguu wa kiti. Akatwaa na ngazi. Nikamuuliza unakwenda wapi. "Kuchukua kitu changu," akasema.

Mpapai ndiye aliyekuja mbio kutuhadithia, mimi na baba. Kwamba dada amefika karakana, amesimamisha ngazi chini ya ubao, amepanda na kanga kiunoni, ameanza kusugua. Kaka akatoka na kalamu sikioni.

"Dada, unafanya nini?"

"Jina langu sikukupa."

"Watu wanatazama!"

"Wacha watazame. Sikutengeneza mlango hata mmoja humu. Aliyetengeneza umemtoa, mimi umenipachika kama pambo. Nishikie ngazi, inateleza."

Na kaka, kwa kuwa ilikuwa inateleza kweli, akaishika. Akaishika mpaka dada akamaliza. Mpapai alikuwa anasimulia huku amejishika mbavu.

Jioni nilipita, eti nakwenda kununua misumari, mimi ambaye situmii misumari. Ubao unasomeka hivi: KARAKANA YA MNINGA NA. Halafu hakuna kitu, mti mweupe uliosuguliwa.

Jumatatu, 13 Mei

Mtaa mzima umepata mchezo. Kaka akipita, mtu anamwamkia, "Habari, Mninga na?" Watoto wanamwuliza na nani. Mimi sijacheka mbele za watu. Nimecheka ndani ya kabati la tatu, na mlango nimeufunga.

Alhamisi, 16 Mei

Nimepeleka makabati shuleni, yote matano. MSONOBARI mbele, kona ya chini kulia, herufi moja moja safi. Watoto wa darasa la tatu walinizunguka. Msichana mmoja akaniuliza kama ni jina la mti au la mtu. Nikamwambia ni la mti alilopewa mtu. Akafikiri, akauliza kama mti ulikubali. Nikampa kijiti kimoja alichochonga baba.

Mwalimu mkuu ameagiza madawati. Amesema pia kwamba kaka alikwenda shuleni wiki iliyopita, bila kuitwa, akaichukua ile milango yake mitano iliyokuwa bado imetolewa, akairanda, akaipaka upya chini na kuifunga. Alipomaliza alikuwa na chapa yake mkononi, lakini hakuigonga popote. Alisimama nayo muda, akairudisha kwenye mfuko.

Sikujua la kufanya na habari hiyo. Nimekuja nayo nyumbani.

Jumatatu, 20 Mei

Mvua imepungua, ni manyunyu tu.

Kaka amekuja. Mchana, kwa miguu, kutoka karakana mpaka hapa, ubao wake begani, na watu wote wamemwona. Sikumkaribisha, sikumfukuza. Baba aliendelea kuchonga. Dada alitoka na sindano mdomoni, akaegemea mlango.

Aliulaza ubao kwenye benchi langu. Akausogeza ukakaa sawa na ukingo, kama anavyofanya fundi yeyote hata akiwa na aibu.

"Mbao zile zilikuwa mbichi," akasema. "Uliniambia."

"Nilikuambia."

"Na kwenye simu nilikusingizia."

"Nilikuwa nyuma ya rundo, nilikusikia."

Akamtazama baba, baba akamtazama yeye, na nadhani pale walimaliza yao, maana baba alinyoosha mkono akamwondolea maranda kwenye mkono wa shati. Nikamwuliza kama anataka kubadili na yeye jina, sasa anajua. Alitikisa kichwa. Nikamwambia vizuri, amelihangaikia vya kutosha, sasa ni lake.

"Basi malizia," akasema, akagonga kidole kwenye ile sehemu nyeupe. "Weka jina lako. Brashi hii hapa."

Nilichukua rula. Nikapima nafasi aliyoiacha dada, kisha nikapima herufi za MNINGA, urefu na upana wake, nikaandika kwenye kurasa za mbele za daftari hili, maana ni vipimo. Palikuwa na nafasi ya herufi tano. Jina langu lina tisa.

"Ukizibana kidogo zitaingia," kaka akasema. "Zifanye nyembamba."

Nilimrudishia ubao wake begani, nikamwekea brashi mfukoni, nikamwambia aende akatafute mrefu zaidi.